Swichi ya Tano

Jumatatu, 10 Machi
Swichi nne za mtandao wa ofisi zimekaa kabatini. Waya wa nyuma unatoka ya kwanza mpaka ya nne, halafu unarudi ya kwanza. Duara. Moja ikiugua, mzigo unapita upande wa pili. Moja ni kiongozi, tatu zinatii, naziamrisha zote kwa kompyuta moja. Shule niliishia kidato cha pili, lakini kazi hii imenilisha nshima, ugali wa Zambia, Ndola mpaka Lusaka. Hapa Tunduma nitajieni mwingine.

Bosi anataka ya tano, ya ghorofani. Nimeipata Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Mtumba, ila ina mwili.

Jumatano, 12 Machi
Nimeharibu.

Nilichomeka ya tano ikiwa inawaka, wafanyakazi wote wanatazama. Sifa. Taa za swichi zikazimika, zikarudi. Swichi mgeni kajifanya kiongozi! Kumbukumbu zake za zamani, sijui za duka gani, kazimwaga kwa wenzake wote. Mipangilio yangu imefutika. Nakala sina. Nilijiamini.

Ofisi yetu ya kutoa mizigo mpakani imesimama. Mafaili yote yamo kwenye seva, hayafikiki. Nje kuna lori la mteja wetu, Mama Sikujua. Vifaranga wa siku moja, wanavuka kwenda Zambia. Bila karatasi zetu hawavuki. Jua kali.

Mama kaja dirishani. "Haya, mtaalamu wa Lusaka! Vifaranga wangu wanywe sifa zako?"

Nimecheka. 

Baadaye, siku hiyohiyo
Bosi alikuwa njiani kutoka Vwawa. Nilitaka zote tano ziwake kabla hajafika, asijue. Kazi hiyo ingefika jioni. Nikasikia maboksi ya vifaranga yanalia kule nje, sauti inapungua.

Nimechomoa zote. Nikafuta kumbukumbu za moja, nikaiunga na seva, kompyuta moja na printa. Basi. Waya umetapakaa sakafuni kama utumbo wa mbuzi. Karatasi zikatoka. Lori likaondoka.

Bosi akaingia, akaruka waya, akanitazama. Nikamwambia yote. Akainama, akaanza kukunja waya. Bora angetukana.

Ijumaa, 14 Machi
Kwetu Itaka mgeni anasimama mlangoni mpaka aonyeshwe kigoda. Ya tano nimeifuta kumbukumbu, nikaipa cheo cha chini, nikaichomeka ikiwa imezimwa. Ndipo nikaiwasha. Imeingia kwa adabu. Nakala ninazo mbili.

Bosi kapita, kaangalia kabati, kaenda zake.

Mama Sikujua kapiga simu. Baadhi wamekufa. Waliobaki kanisikilizisha wanavyolia.

Nimemwomba radhi, bila utani.