"Tumesikia" Si "Tumekubali"

Jumanne, Septemba inaishia. Upepo umevuma tangu alfajiri na vumbi limeingia mpaka kwenye kopo la sukari. Nina hasira. Naandika kabla haijapoa, maana hasira yangu ikipoa naanza kuwaelewa watu, na leo sina haja ya kumwelewa mtu.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: nafanya kazi katika kampuni ya ushauri inayoandika ripoti za uendelevu. Kiwanda kinataka kuwaonyesha wakopeshaji wake kwamba hakiharibu mazingira wala hakionei watu. Kinatuajiri sisi tukichunguze, kisha tuandike, kwa lugha safi na picha nzuri, kwamba kiko sawa. Makao makuu yetu yako Dar. Hapa Singida mjini tuna vyumba viwili juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Mimi ni mhariri wa Kiswahili. Wenzangu wananiita Mama Mhariri. Wanasema ni heshima. Nimegundua ni onyo wanalopeana wakisikia viatu vyangu kwenye ngazi.

Mteja wetu wa sasa anakamua alizeti, na anataka maji. Ameliona lambo la kijiji kimoja nje ya Ilongero, anataka kulizungushia uzio na kuyavuta maji kwa pampu mpaka kiwandani. Wananchi watajengewa mabomba kando ya barabara. Kwa mtu wa kuoga na kupika, bomba ni jambo jema. Lakini lile lambo ndilo linalonywesha ng'ombe wa kijiji kizima kiangazi kama hiki, na sijawahi kuona ng'ombe akipanga foleni bombani na ndoo.

Wakopeshaji wa kiwanda nao wamesema uzio hausimami mpaka ripoti yetu ithibitishe kwamba kijiji kimekubali. Kwa hiyo lambo lote linategemea sentensi moja. Ripoti inatumwa kesho mchana.

Asubuhi nimeletewa rasimu niipige msasa. Nimefika kwenye sentensi yenyewe: "Wananchi walishirikishwa kikamilifu na wameridhia mradi kwa kauli moja."

Walishirikishwa! Kama kuna neno ningelifukuza kwenye lugha hii na mabegi yake, ni hilo. Kushiriki ni tendo lako: umekwenda, umesema, umegoma, umetukana ukipenda. Kushirikishwa unatendewa. Unaitwa, unakalishwa, unapewa maji ya chupa, unapigwa picha, unarudishwa nyumbani. Nimesoma vitabu vya kutosha kujaza ukuta mmoja wa nyumba yangu, na bado sijakutana na mtu aliyesimama akasema kwa furaha, "Jana nilishirikishwa."

Lakini lililonisimamisha ni lile la "kauli moja". Kijiji cha Wanyaturu kukubaliana kwa kauli moja juu ya ng'ombe? Mimi ni Mnyaturu. Kwetu hatujawahi kukubaliana kwa kauli moja hata juu ya jina la mtoto.

Nikamwita Ramadhani. Huyu ndiye anayetuchorea ramani na majedwali, kijana wa mjini, kwao wanauza vitambaa tangu enzi za babu yake. Alikuwepo kwenye mkutano wa kijiji, mimi sikuwepo.

"Rama, hiyo kauli moja ilikuwa kauli gani?"

"Tumesikia," akasema.

"Nakuuliza walisema nini."

"Ndiyo nakwambia, mama. Meneja wetu alipomaliza kueleza akauliza, 'Jamani, tuko pamoja?' Wakaitikia wote: 'Tumesikia!' Kwa nguvu, mpaka mbuzi wakakurupuka."

Nikakaa.

Mtu yeyote aliyekulia vijijini kwetu anajua maana yake. Mgeni amekuja, amevaa vizuri, amesema la kwake. Humtupii neno lake usoni. Unamwambia umesikia, unamsindikiza mpaka kwenye gari, unampungia mkono. Akishaondoka ndipo watu wanakaa wenyewe, siku kadhaa ikibidi, na wakimaliza kubishana wanamtuma mtu alete jibu. "Tumesikia" ni mlango wa mazungumzo kufunguliwa. Kampuni yangu imeona mlango umefunguliwa, imeingia, imebeba lambo.

Nikaenda kwa meneja. Gloria ana umri wa binti yangu wa kwanza, amekulia Dar, ana akili kali na usingizi mdogo. Nasema hivyo ili nisimwonee. Nikamweleza. Akanisikiliza huku mkono uko kwenye kompyuta.

"Lakini mama, hata sisi nyumbani nilipokuwa nafokewa nilisema 'nimesikia', na ilimaanisha nimekubali."

"Hukuwa umekubali. Ulikuwa unataka wakuache utoke."

Ramadhani akacheka, akajifanya anakohoa. Gloria akasema Kiswahili ni kimoja, na kwamba hatuwezi kuandika ripoti kwa maana za kila kijiji. Nikamwambia tunaandika ripoti kuhusu kijiji hicho hicho, alitaka tutumie maana za Kariakoo? Tukaachana hapo, kila mmoja akijiona ameshinda.

Sasa lililonichoma hasa.

Mchana ngazi zikalia taratibu, pumziko kila baada ya hatua chache. Akaingia mama mmoja mtu mzima, kanga mbili, viatu vya plastiki, kuku kwapani amefungwa miguu. Nikasimama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hizi ngazi zenu mmejenga mkijua kwamba mtu akifika juu hatakuwa na pumzi ya kugombana?"

Anaitwa Paulina. Ametoka kijijini kwa bodaboda, na amemlaani dereva njia nzima mpaka wamekuwa marafiki. Tuliposalimiana kwa Kinyaturu uso ukamfunguka, akakaa, akasema ametumwa. Kijiji kimekaa. Kimegombana sana, shemeji yake na jirani yake hawasalimiani mpaka leo. Lakini kimemaliza, na jibu ni hapana. Mabomba wanayataka, lambo hawatoi. Akanyanyua kuku.

"Na huyu ni wenu. Jibu lenyewe si zuri, ningekujaje mikono mitupu?"

Nikamwita Gloria kwa shangwe, nakiri. Nilidhani kesi imekwisha. Jibu limekuja lenyewe kwa miguu, limepanda ngazi, lina mdomo na lina kuku.

Gloria alikuja, akamwamkia vizuri sana, akamwagizia soda. Kisha akamweleza kwa upole kwamba kipindi cha kupokea maoni kimefungwa Ijumaa, kwamba maoni yake ni ya muhimu na yatazingatiwa katika awamu ijayo. Awamu ijayo ni mwakani! Mwakani ng'ombe watakuwa wanasimama nje ya uzio wakinusa maji. Bibi Paulina akamtazama, akanitazama mimi, akauliza kwa Kinyaturu kama huyu binti anasema ofisi hii imefunga masikio kama watu wanavyofunga duka.

Nikashindwa kutafsiri. Si kwamba sikuwa na maneno.

Kisha Gloria akamwona kuku. Akasema, kwa huzuni ya kweli kabisa, kwamba sera yetu ya maadili hairuhusu kupokea zawadi kutoka kwa wadau.

"Kwa hiyo kuku ni rushwa," Ramadhani akasema kutoka kwenye kona yake, bila kuinua macho, "ila lambo tunapokea."

"Rama, tafadhali."

Bibi Paulina hakuhitaji tafsiri ya kuku kurudishwa. Nilimwona anavyokaza mkono kwenye yale mabawa. Kwetu ukimrudishia mtu kuku umemwambia hukumwona. Na kabla sijajua niseme nini, Gloria akafanya hili: akatoa simu, akamwomba mama yule anyanyue soda kidogo, atabasamu, akampiga picha. Mama akatabasamu, kwa sababu mgeni mwenye adabu akiambiwa atabasamu anatabasamu. Picha ni ya ukurasa wa mbele. Nimeiona baadaye ikiwa imeshawekwa. Mama aliyetumwa kuja kusema hapana ndiye sura ya ndiyo.

Gloria aliporudi chumbani kwake, Bibi Paulina aliniuliza jambo moja.

"Mwanangu, mimi narudi nyumbani niseme nani amepokea? Siwezi kuwaambia nimezungumza na meza."

Nikasema, "Mimi nimepokea, mama."

Nikamchukua kuku. Nilijua nafanya nini, maana ukimpokea kuku umelipokea na jibu, na ukilipokea jibu ni lazima ulifikishe. Akashusha pumzi, akamaliza soda yote, akasema ina sukari ya kuua mtu, akashuka ngazi akimwita yule dereva wake kwa matusi.

Alasiri nikaingia chumbani kwa Gloria nikiwa na sentensi yangu. Nilikuwa nimeifuta ile ya zamani na kuandika: "Baada ya mkutano, wananchi walisema wamesikia. Walikaa, wakajadiliana, wakamtuma mjumbe ofisini kwetu kuleta jibu. Wamekubali mabomba. Wamekataa kutoa lambo." Nikamwambia hii ndiyo itakayotoka. Nikamwambia kipindi cha maoni hakifungwi kwa mtu ambaye bado anafikiri. Nikamwambia kwamba wizi wa zamani ulikuja na bunduki na huu wa sasa unakuja na soda, na kwamba mimi nauheshimu zaidi wa bunduki kwa sababu haukuomba watu watabasamu. Nilisema mengi. Mlango ulikuwa wazi na nadhani mpaka wauza misumari wa chini walinisikia.

Gloria alinisikiliza mpaka mwisho. Alisubiri. Nilipoishiwa pumzi, akatabasamu lile tabasamu la heshima, akasema polepole:

"Sawa, mama. Tumesikia."



Kisha sauti ya Ramadhani kutoka kule kwenye kona: "Haya, meneja ameridhia. Niandike 'kwa kauli moja'?"

Sijawahi kumpenda mtoto wa mtu kama nilivyompenda Ramadhani wakati ule. Gloria alimgeukia. Uso ulimbadilika kuanzia shingoni. Alikuwa amelisema neno lile lile, kwa maana ile ile, kwa adabu ile ile, kwa mtu aliyetaka aondoke mbele yake. Binti wa Dar kumbe Kinyaturu anakijua, kwa tafsiri ya Kiswahili.

Hakusema nimeshinda. Hakusema nimeshindwa. Alisema anaomba abaki peke yake, na nikatoka.

Na hapa ndipo hasira yangu inapokosa pa kukaa. Ningependa sana awe mtu mbaya. Mtu mbaya unamwandika, unamaliza, unakula. Huyu mwaka jana nilipolazwa aliniletea uji hospitali kila asubuhi kabla ya kazi, akaupoza kwa kijiko. Ana mteja anayempigia simu kila saa, ana makao makuu yanayotaka kurasa zijae. Amefundishwa kwamba watu wakishaitikia, kazi imekwisha. Hakuna aliyemwambia kwamba kwetu watu wakiitikia ndiyo kazi inaanza.

Lakini ng'ombe hawanywi sababu za Gloria. Nimeshasema leo simwelewi mtu.

Jioni hii nimemfunga kuku kwenye mti wa limau uani, na amenidharau tangu afike. Nilikuwa nabandika maharage simu ikalia. Ujumbe wa Gloria. Bila salamu, yeye ambaye huanza na shikamoo hata akiomba nywila.

"Mama, yule bibi anaitwa nani? Jina kamili."

Nimekaa na simu mkononi mpaka maharage yakaanza kuungua. Jina la nini? La kuwekwa chini ya picha, "Bi fulani, mnufaika wa mradi, akifurahia kinywaji"? Au la kuwekwa kwenye sentensi yangu, jina la mjumbe aliyeleta jibu? Kwa jina lile lile kijiji kinabaki na maji yake au kinayapoteza, na mimi siwezi kujua kutoka huku jikoni.

Ningeweza kumuuliza. Sikuuliza. Nimeandika hivi:

"Anaitwa Paulina. Jina la ukoo nitamwomba mwenyewe, pamoja na ruhusa ya kulitumia. Ametumwa na kijiji chake kuleta jibu, na jibu ni hapana. Kama ni la sentensi, liweke kwenye sentensi. Kama ni la picha, andika yote haya chini ya picha."

Nimetuma. Kesho jua likichomoza nitakuwa juu ya bodaboda kwenda kijijini, kuwaambia nani amepokea jibu lao na nani amelirudisha, ili kabla ya mchana wajue kama inawapasa kupanda ngazi zile wote kwa pamoja.

Alama mbili za buluu zimetokea. Gloria hajaandika kitu.

Basi amesikia. Tungoje jibu.