Mkono Uliobaki Mfukoni

Mama,

Baba mdogo amenipigia simu asubuhi. Wanataka kuuza nyumba yako ya Homa Bay, na Jumamosi kuna kikao. Ati niwe mwenyekiti tena, maana mimi ndiye Profesa. Tena! Nikaona nikuandikie. Kwa Kiswahili, lugha yetu ya nyumbani, kwa sababu wewe Mkuria na Baba Mjaluo, na hakuna aliyekubali kushindwa.

Ulivyokuwa ukinitania pale sokoni, mikono imejaa magamba ya samaki! "Huyu wangu analipwa kufundisha watu kuinua mikono." Wenzako wanacheka mpaka machozi. Nami najitetea kwa maneno marefu: demokrasia, taasisi, haki za walio wachache. Unanisikiliza, halafu unanipimia dagaa wa omena wa kwenda nao chuoni.

Uliniomba jambo moja tu. "Nikifa wasinirudishe Migori. Nizike hapa kwangu." Migori kwa akina Baba, waliokufungia mlango Baba alipofariki.

Ulipokufa wazee wakasema mke huzikwa kwa mumewe. Dada yangu Akinyi akawaambia ulichotaka, huku analia. Mimi kwenye kiti cha mwenyekiti, na tai yangu, nikasema tupige kura. Nilijiona mwerevu sana. Mikono ikatoka sawasawa, wakanigeukia wote. Mkono wangu ukabaki mfukoni; nikasema mwenyekiti hapigi kura, basi desturi ifuatwe.

Uongo, Mama. Kura zikilingana mwenyekiti ndiye huamua, na hilo nalifundisha kila mwaka. Niliogopa. Niliogopa wasije wakasema mimi ni mtoto wa Mkuria tu.

Tangu tukuzike Akinyi hapokei simu zangu. Darasani nikifika kwenye mada ya wengi kuwaamulia wachache, naruka kurasa, wanafunzi wanadhani nina haraka. Na kaburini kwako, woi, naegesha gari barabarani na sishuki.

Kiti nimekikataa. Jumamosi nitakaa kwenye benchi karibu na Akinyi, kama atanipa nafasi. Nitawaambia wazee nilichokijua siku ile nikanyamaza. Wakitaka kununa, wanune. Wakiuliza nani anapinga nyumba kuuzwa, mkono wangu utakuwa juu kabla hawajamaliza kuuliza, hata ukiwa peke yake.

Pumzika, Mama, hata huko usikotaka. Siku hiyo nikitoka kikaoni nitashuka garini.

Mwanao,
mtoto wa Mkuria.