Chupa ya Maganda ya Komamanga

Jumanne, Juni 2008. Joto limekaza, na hapa Matrah, Oman, leo hakuna upepo hata wa kutikisa pazia. Nimejifungia chumbani na kiyoyozi kinachokoroma. Naandika humu mtandaoni kwa jina lisilo langu kwa sababu nyumbani hakuna wa kumwambia.

Nimesema uongo, na sasa kuna mtu anaunywa.

Nafanya kazi maabara ya kiwanda cha juisi. Tukishakamua makomamanga, maganda hurundikwa nyuma, yakatupwe. Mimi ndiye niliyejitia kimbelembele kwamba yana dawa ndani yake. Nikayakausha, nikayasaga. Kwa maji nilipata rangi hafifu iliyoota ukungu baada ya siku mbili. Kwa spiriti, yaani kilevi kikali cha maabara, ikatoka nzito, ya kahawia, kali mpaka ulimi unakauka. Spiriti hiyo hutakiwa ivukizwe yote kwa maji ya moto, ibaki dawa tupu. Lakini chupa ile niliitoa kwenye maji ya moto kabla ya wakati wake, maana mwenye kiwanda alikuwa anapita na nilitaka aione rangi.

Nilisahau tabia yake. Ami Nassor, Mzanzibari kama wazee wangu, haachi kitu kipite kiwandani bila kukionja. Kashasema bismillahi, kashameza kijiko kizima, ndipo akaniuliza: "Hii umechemsha kwa maji, mwanangu?"

Nikasema ndiyo.

Ningemwambia nini mbele ya wafanyakazi wote, mtu asiyekosa safu ya mbele msikitini? Akaichukua chupa, akampelekea mkewe, Bi Zuweina, ambaye tumbo linamsumbua tangu wakati wa baridi.

Leo kaja kazini anacheka peke yake. Bibi kala wali. Anataka chupa nyingine kesho, vile vile kama ile. Na Bi Zuweina ni mtu ambaye hata manukato yenye spiriti hajipaki! Niliona aibu, sikujua niiweke wapi mikono yangu. Nikisema, nitafukuzwa. Nikinyamaza, namnywesha mama wa watu asichokijua.

Baada ya Alasiri nilishindwa kuvumilia. Nikampigia Ami simu, nikamweleza yote, spiriti na uongo wangu. Aliuliza swali moja tu.

"Nani mwengine anajua?"

"Hakuna, Ami."

"Leo kaomba sahani ya pili. Wallahi nna miezi sijamsikia kuomba chakula." Akashusha pumzi. "Basi wewe hukunipigia, na mimi sikusikia. Niletee chupa."

Akakata.

Sikumkasirikia. Nilimwonea huruma, na nikajionea huruma mwenyewe. Nilidhani nikisema nitatoka kwenye shimo hili, kumbe nimemvuta na yeye ndani. Chupa ya kesho nitaivukiza mpaka mwisho, lisibaki hata tone la spiriti, hilo naliweza. Lakini alichokwisha kunywa Bi Zuweina kimekwisha nyweka, na haki ya kujua ni yake, si yangu wala ya mumewe.

Nilipofika hapa katika kuandika, simu ikalia. Ni Bi Zuweina mwenyewe. Hakunipa nafasi ya kusema neno. Alinishukuru, akaniombea dua ndefu, akanitaja kwa jina langu na la mama yangu, Mungu anihifadhi na kila cha haramu.

Nikaitikia amina.