Nakosoa, Sista

Sista Bernadeta,

Padre aliyehubiri kwenye mazishi yako alisema ulikuwa mpole, mtu wa maneno machache. Nilikuwa natazama kwa simu huku Doha, chumbani kwetu mtaa wa Al Mansoura, kwenye kitanda cha juu. Kabla sijajizuia nikasimama: "Nakosoa!" Nikagonga kichwa kwenye dari. Nililia sana, na mpaka leo sijui nilililia kichwa au wewe.

Nakato, Mganda ninayekaa naye chumba kimoja, akauliza nani kanikosea. Ndipo nikamweleza darasa lako la historia. Kila msichana alikuwa na mshindani wake. Ukikosea, mshindani anasimama papo hapo anakukosoa, na akiteleza yeye, unamrudishia. Ulisema mbinu hiyo uliiazima kwa Wajesuiti, waliojaza shule Ulaya karne nne zilizopita, lakini wakanoa wavulana tu. Hapo sauti ilipanda, ukatusimulia habari za masista Waursula, waliofundisha wasichana wakati ambapo watu waliamini binti akijua kusoma ataunguza mboga. "Na mboga haikuungua!" ulipiga meza. Mtu wa maneno machache, eti.

Nakato akasema hiyo ndiyo dawa yake. Sisi ni walinzi, na kampuni ilikuwa inatupa mtihani wa mdomo. Yeye alikuwa ameshaanguka mara moja. Akianguka tena, anarudishwa kwao. Basi mwezi mzima tulikosoana: tukisonga ugali, tukifua, ndani ya basi la kampuni, hadi dereva akaomba amani.

Siku ya mtihani tuliingia wawili wawili. Mtahini akamuuliza Nakato: king'ora cha moto kikilia dukani, utaanza na nini? Akajibu atamtafuta aliyewasha moto. Sista, miguu yangu ilisimama yenyewe. "Nakosoa! Kwanza tunawatoa watu, washuke kwa lifti!" Nakato naye juu: "Nakosoa! Kwenye moto lifti haiguswi, ni ngazi!" Akamwaga mafunzo yote, mlango kwa mlango, mpaka mtahini akavua miwani afute machozi ya kicheko. "Khalas, yatosha, kaeni chini."

Nakato kapita. Mimi narudia Jumapili, maana huku ni siku ya kazi, kwa kosa la lifti na la kuingilia mtahiniwa mwenzangu. Nikianguka tena, ni mimi wa kupanda ndege. Sasa Nakato ananikosoa hata nikisali rozari.

Siku ile nilipotoka kwenye mtihani nilicheka peke yangu, nikatoa simu nikutafute nikusimulie. Nimefika kwenye jina lako ndipo nikakumbuka. Nimekumisi, Sista, we mwanamke mwenye kelele.

Nakuahidi Jumapili nitanyamaza mpaka niulizwe. Pumzika, mwalimu wangu. Ila asubuhi hiyo kaa macho kidogo, na ukinisikia nataja lifti, simama.

Mwanafunzi wako,
Konsolata