Kitambaa cha Mama na Nyimbo za Mwalimu Bonifasi

Majengo, Mpanda,
Rukwa

Mama yangu mpenzi,

Kabla hujauliza yale unayoulizaga kila barua, nikujibu kabisa: nakula, nalala kwenye chandarua, na sijakonda. Nyie huko Mbinga hamjambo? Mguu wako wa kushoto unaendeleaje? Natumaini umeacha kupanda shamba la juu kuchuma kahawa mwenyewe, ingawa nakujua, hujaacha. Baba naye kifua kimepoa, au bado anakificha kwa kukohoa nje ya nyumba?

Mimi naandika nikiwa na furaha mpaka mkono unanikimbia, kwa hiyo ukikuta mwandiko mbaya usiseme nimesahau shule. Ila furaha yenyewe ilianza kwa msiba, na msiba huo, mama, kwa namna fulani umeuleta wewe. Usivue miwani kwanza. Soma tu.

Unakumbuka kile kitambaa ulichonifumia kwa uzi mweupe, chenye maua ya njano pembeni? Nilikitandika juu ya kompyuta ya sebuleni kwa Mama Veneranda, huyu bibi ninayemfanyia kazi na kuishi naye. Chumba cha mbele cha nyumba yake ndiyo ofisi yetu, tunapiga chapa barua, kadi za harusi na mitihani ya shule. Kompyuta ziko tatu, mwanawe aliye Dar alizileta akaziunganisha kwa waya. Mbili ziko ofisini, ndizo tunazoandikia. Ya tatu iko sebuleni, haina hata kioo, ni sanduku tupu kwa kuliangalia. Kazi yake ni kutunza kila tunachoandika, kama ghala la mahindi. Sasa mama, nyumba gani ya heshima ina kitu sebuleni hakijafunikwa? Redio imefunikwa, makochi yamefunikwa, hata jagi la maji lina kitambaa chake. Nami nikalifunika lile sanduku. Kitambaa chako kikalikaa vizuri, kikashuka mpaka nyuma, na kila mgeni aliyeingia alikisifia. Mama Veneranda alikuwa akiwaambia kwa majivuno kwamba kimetoka kwetu Umatengo.

Kumbe sanduku linapumulia nyuma.

Siku moja tukiwa kazini likaanza kukwaruza, unadhani mtu anasugua sufuria kwa mchanga. Likakwaruza, likanyamaza, na zile mbili za ofisini zikawa zinatafuta vitu vyetu hazivioni. Tukaita fundi kutoka Tabora, akaja na treni. Alikishika kitambaa chako kwa vidole viwili, akauliza nani amelivika hili sanduku sweta. Mama Veneranda akaninyooshea mdomo. Fundi akafungua, ndani vumbi jekundu limejaa, na ile sahani inayoshika kumbukumbu imeungua kwa joto. Alihangaika nayo mchana kutwa. Akatoa vitu vichache, na vyote vya kipuuzi: tangazo la mbuzi aliyepotea, na kadi za harusi ya mtu ambaye ndoa yake ilishavunjika. Nyimbo za Mwalimu Bonifasi hakupata hata moja. Nikakaa chini sakafuni.

Mwalimu Bonifasi hujamjua. Ni mwalimu wa kwaya ya kanisa ninalosali, mtu wa Katumba, wazazi wake walitoka Burundi na yeye akiwa mtoto wa kubebwa. Tangu ujana wake anatunga nyimbo za kanisa, anaziandika kwa herufi zile za do-re-mi, sauti nne zote, kila sauti na mstari wake. Mwaka huu Wakristo wa Magamba wamemaliza kujenga kanisa lao, na ilikubaliwa kwamba siku ya kulibariki kwaya itaimba nyimbo zake, halafu zitolewe kitabu ili kwaya zote za huku ziwe nacho. Nilikuwa nimeziandika zote, mama. Miezi mingi ya kazi. Na yale makaratasi yake ya mkono, yaliyochakaa na kuliwa na mende, nikishamaliza wimbo namrudishia.

Sasa ulizia makaratasi yako wapi.

Mkewe, Mama Odilia, anauza maandazi stesheni. Na wewe unajua karatasi yoyote iliyokwisha kazi mwisho wake nini. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyempa, kwa mkono wake, akamwambia fungia tu maandazi, mke wangu, nyimbo zimeshaingia kwenye kompyuta, haziwezi kupotea tena. Kwa hiyo abiria wa Kaliua na Tabora wamekula nyimbo za Bwana pamoja na maandazi, wakafutia mafuta vidoleni, wakatupa dirishani.

Kumwambia Mwalimu ilibidi nimwambie mimi. Nilikwenda Katumba. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaomba maji, akanywa, akajaribu kuimba wimbo wa kuingilia, ule wa kwanza kabisa kitabuni. Sauti ya kwanza aliimba vizuri. Alipofika sauti ya tatu akapotea, akarudi, akapotea tena. Akaniangalia kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichokifuata. Mama, niliona aibu mpaka nikatamani ardhi inimeze.

Aliyetutoa kwenye shida ni Mama Odilia. Alikuwa anakanda unga, hata hakusimama. Akamwuliza mumewe ni nani anayeziimba hizo nyimbo kila Jumapili, yeye au wanakwaya. Basi, akasema, si waitwe waje waimbe.

Hapo ndipo furaha ilipoanza. Wiki nzima nyumba ya Mama Veneranda iligeuka kanisa. Kwaya yetu haisomi karatasi, mama. Mwalimu anawafundisha kila kundi sauti yake kwa mdomo mpaka inakaa, na mtu wa sauti ya pili hajui kabisa wa sauti ya nne anaimba nini. Tukawagawa. Sauti ya kwanza sebuleni kwenye makochi, ya pili jikoni, ya tatu ofisini, na besi tuliwatoa nje ukutani kwa sababu wakiwa ndani vikombe vinagongana kabatini. Mimi nakaa kwenye mashine, Mwalimu ananitajia herufi, naandika, safari hii naweka kwenye disketi. Walikuwa wanakuja na mahindi ya kuchoma, na watoto mgongoni. Majirani waliacha kulalamika, wakaanza kuitikia.

Wakati wa kuunganisha tukagundua besi wanaimba mwisho wa wimbo wa sadaka tofauti na Mwalimu alivyotunga. Wanashuka pale ambapo yeye alipandisha. Mwalimu akakumbuka amewagombeza kwa kosa hilo miaka na miaka. Safari hii aliwaambia warudie, mara ya kwanza, mara ya pili. Akafumba macho.

"Skola, andika wanavyoimba," akaniambia.

Besi wakapiga makofi huko nje hadi kuku wakakimbia.

Nyimbo zikarudi, moja baada ya nyingine, isipokuwa ile Aleluya kubwa aliyotaka iimbwe wakati wa kufungua mlango wa kanisa. Sauti tatu zilikuwepo. Ya pili hakuna aliyeijua, maana Aleluya hiyo haijaimbwa tangu Restituta aondoke. Nilipouliza Restituta ni nani, wa jikoni wakaanza kuosha vikombe. Mama Odilia ndiye aliyenieleza baadaye. Restituta ndiye aliyekuwa akiongoza sauti ya pili. Noeli moja alichelewa kufika, anamwuguza mama yake, na Mwalimu akamtolea ukali mbele ya waumini wote. Restituta akavua joho la kwaya, akalikunja vizuri, akaliweka kwenye benchi na kutoka. Akaolewa Kasansa, kijiji cha mbali, na huko hajaimba tena. Mwalimu alijua kuwa amekosa. Lakini unawajua wanaume wa aina hiyo, mama, umeolewa na mmoja, usimsomee baba hapa.

Jumapili ya kubariki kanisa ilikuwa inakaribia. Baadhi wakasema tuache Aleluya hiyo, ziko nyingine. Wengine wakasema Mwalimu atunge sauti ya pili mpya. Akajaribu, akachana. Asubuhi yake akaja kwa Mama Veneranda amevaa koti lake la Pasaka, akaniomba nimsindikize Kasansa, kwa sababu akienda peke yake anaweza kugeuza njiani.

Tulipanda lori la mahindi. Baada ya Sitalike, ndani ya mbuga, mbung'o walitushambulia mpaka koti la Pasaka likageuka kipepeo, Mwalimu analipigapiga huku na huku. Nilicheka, na yeye akacheka.

Restituta tulimkuta anapepeta mpunga. Ni mwanamke mrefu, mtulivu, anakutazama mpaka unajikagua kama umevaa nguo vizuri. Alitukaribisha viti. Mwalimu hakukaa.

"Restituta," akasema, "nilikukosea mbele za watu, nimekuja kukwambia mbele za watu. Nisamehe."

Watu wenyewe tulikuwa mimi, mama mkwe wake na kuku. Restituta akaendelea kupepeta. Nilidhani hakusikia. Halafu akaweka ungo chini, akafuta mikono kwenye kanga, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

"Karibuni mle kwanza," akasema.

Tukala wali na kambale wa kukaushwa, tukala hasa. Hakuna aliyetaja Aleluya. Tukamaliza, akaondoa sahani, akasimama mlangoni akiangalia nje, na bila kuombwa akaimba ile sauti ya pili. Yote, tangu mwanzo, bila kusita hata mahali pamoja. Mama mkwe wake, aliyeishi naye miaka yote hiyo, alishika mdomo. Hakujua kwamba mkwewe anaimba. Mwalimu Bonifasi alilia wazi, mbele ya wanawake watatu, wala hakutafuta leso. Mimi nilikuwa na kalamu mkononi na sikuandika kitu, ikabidi nimwombe aimbe tena.

Siku ya kubariki tulikuwa na karatasi mpya, nzuri, tumezichapa kwa stensili parokiani, na mimi nilizigawa kwa kujidai. Mlango ukafunguliwa, Restituta, aliyekuwa amekubali kuja, akaanzisha sauti ya pili, na mama, hakuna aliyeangalia karatasi. Walizikunja wakawa wanajipepea. Mwalimu aliweka yake kwenye benchi, akapunga mikono mpaka katikati, kisha akaiteremsha, akasimama tu akiwasikiliza.

Kitambaa chako sasa kiko kwenye redio, hakidhuru mtu. Sanduku jipya liko uchi, na nakala ya nyimbo iko kwenye disketi kabatini kwa Mama Odilia, ambaye ameapa hatafungia nayo andazi.

Nisalimie baba, mwambie sweta nitamtumia kabla ya baridi ya Juni. Msalimie shangazi Kolumba aliyenifundisha kusuka. Msalimie kaka Otmari na mkewe, na huyo mtoto wao mpya ambaye sijamwona. Babu mjomba wa Litembo mwambie bado naikumbuka ile hadithi yake ya chui, hapa siwezi kuisimulia, wenye chui watanicheka.

Na nikwambie la mwisho. Baada ya misa nilikuwa naokota karatasi zilizoachwa kwenye mabenchi. Restituta akanijia, akaninyang'anya zote, akazibwaga mezani. Akasema amesikia mimi nimeandika sauti zote nne, na huku Mpanda sina ndugu hata mmoja. Basi Jumapili ijayo, kabla hajarudi Kasansa, nisikae na wageni kule nyuma, nije nisimame pembeni yake. Nikamwambia sijui kuimba. Akanipimia joho mabegani, lile lake la zamani, lililokunjwa miaka yote ndani ya sanduku la kwaya.

Limenitosha, mama.

Mwanao wa sauti ya pili,
Skolastika