Bana Breki Kabla ya Shikamoo

Busisi,
Sengerema,
Mwanza.
14 Agosti, 1996.

Mpendwa mjukuu wangu Nkwabi,

Miaka mitatu! Una moyo gani wewe? Hata pantoni ikienda ng'ambo hurudi. Shikamoo yako nimeipokea, marahaba, mume wangu, lakini shikamoo ya kwenye karatasi haishibishi. Mfupa wa mkono umeunga? Unalala? Unakula? Mimi mzima, magoti tu ndiyo yanalia nikiinamia mihogo.

Anayeandika ni Antoni, katekista wetu. Nimemwambia asinipambie maneno. Pale ninapogomba, naye agombe.

Barua yako amenisomea mara mbili, maana ya kwanza sikuamini. Eti huko Japani umenunua baiskeli ya betri, ukikanyaga pedeli kidogo inajisukuma yenyewe. Ukamwona bibi kizee njiani, ukashuka umwamkie kama tulivyokulea. Mguu mmoja chini, mwingine bado umekanyaga pedeli, baiskeli ikadhani safari inaendelea, ikakuburuta mpaka ukutani. Antoni alicheka. Mimi sikucheka. Mkono huo niliuosha mimi ukiwa mdogo kama kijiko.

Sasa sikiliza. Babu yako Chenge, Mungu amlaze pema, alibeba magunia ya dagaa kwa baiskeli miaka thelathini, akaanguka mara moja tu: siku ya kwanza. Tangu hapo baiskeli ngeni aliiita ng'ombe wa mnadani, hujui bado anapiga teke upande gani. Aliipeleka uwanjani kwanza, kutwa nzima anaondoka na kusimama, anaondoka na kusimama. Nawe fanya hivyo, betri imezimwa. Ukishaizoea ndipo uiwashe, kwa nguvu ndogo.

Ukitaka kusimama, bana breki zote mbili. Ya mbele peke yake itakurusha. Usiziachie. Ndipo miguu itoke kwenye pedeli, ushuke, uzime betri. Shikamoo ije mwisho. Mzee gani alikufa kwa kungoja salamu? Na mteremko usiouzoea, shuka usukume. Chenge hakuingia kwenye pantoni hata siku moja akiwa amepanda.

Nikuambie jambo. Hapa siku hizi hakuna anayeshuka. Maduka yamejaa baiskeli, vijana wanapita mlangoni kwangu kama wanafukuzwa na nyuki, "Shikamoo bibi!" wanaitupa nyuma ya mgongo. Nikifungua mdomo, wameshafika kwa Tereza. Marahaba yangu inachukuliwa na vumbi. Siku nyingine sauti yangu mwenyewe naisikia hapo tu, ninapoitikia.

Kwa hiyo niliposikia umemshukia yule bibi, nilifurahi, kisha nikamwonea wivu. Alikuitikia lakini? Hukusema.

Usiache kushuka, Nkwabi. Jifunze kushuka.

Precious dada yako anakusalimu, na mjomba wako Shimba, na Tereza jirani. Mungu aushike mkono wako pale pale ulipovunjika.

Ukija, baiskeli ya babu yako iko kwa Shimba pale kivukoni, nimemwambia aitie upepo. Panda mpaka kisimani, halafu bana breki, shuka. Usinifikie umepanda. Njoo unasukuma, polepole, nikuone njia nzima.

Ni mimi mkeo mzee, nikupendaye mpaka nakugomba,

Bibi Wilhelmina.