Nilipiga Makofi Dirishani

Mpendwa mshauri, nisaidie kabla ya Jumamosi. Mimi ni bibi harusi mpya, na mume wangu, jamani, ni asali, huniita malkia hata nikisugua sufuria. Ni mwalimu mlezi wa bweni la wavulana na nyumba yetu imepakana nalo, na kila jioni nilikuwa nasikia wanafunzi wapya wakiimba chini ya dirisha la jikoni, dirisha lenyewe liko juu sioni chini, nikamuuliza akacheka, "Wanakukaribisha, malkia wangu, wanajua nimeoa," nami kwa raha zangu nikawa nawapigia makofi. Kumbe wakubwa wao wanawapigisha magoti kwenye kokoto, beseni la maji kichwani, anayemwaga anaanza wimbo upya! Nimejua pale mdogo wangu, tuliyemleta kidato cha kwanza hapo kwa kuwa shemeji yake yupo, alipokuja na goti lina usaha. Nikamfokea, "Mbona hukuniita?" Akasema, "Dada, si ulikuwa unatupigia makofi?"

Sasa mwenzake amelazwa, wazazi wamechachamaa, redioni hawazungumzi lingine, na Jumamosi kuna kikao. Mume wangu anasema ni utani tu, hata yeye alipitia akawa mwanaume, niseme hatukusikia kitu, la sivyo atafukuzwa kazi. Nampenda mpaka naumwa. Nifanyeje?

Malkia wa Jikoni

Malkia, pole. Lakini asali imekulevya. Mumeo alisikia vizuri kabisa, akachukua kilio cha shemeji yake akakupa kama zawadi ya harusi, nawe bado unaniuliza habari za kazi yake! Barua nzima hujaniambia kama mtoto ameonwa na daktari. Mpeleke hospitali leo, na asirudi bweni lile.

Kisha mwambie mumeo, mara moja tu, aende mwenyewe kwa mkuu wa shule kabla ya kikao. Akienda, una mume wa kuanza naye upya. Akikataa, usibishane, usilie, nenda kikaoni. Eti alipitia akawa mwanaume. Mwanaume gani anajificha nyuma ya kanga ya mkewe?

Na usimsimamishe mdogo wako aonyeshe goti mbele ya watu. Ameshaonyeshwa vya kutosha. Simama wewe. Wakikuuliza ulisikia nini, waimbie ule wimbo, najua umeshaukariri. Ukimaliza, waambie ulipiga makofi, na aliyekuambia upige ni nani.